Mipira ya mashine imepakwa dawa, heparini ya nini tena?

SWALI: Mwanangu wa miaka 12 anapelekwa Dar es Salaam kubadilishiwa vali ya moyo. Muuza dawa mmoja hapa Masasi anasema siku hizi mipira ya mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu imepakwa dawa, damu haigandi, hivyo tukatae heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana itamtoa mtoto damu. Ni kweli?

JIBU: Baba, heparini usiikatae.

Swali hili linanikera kwa sababu lina nusu ya ukweli. Mipira kweli hupakwa, na majaribio ya kubandika heparini kwenye vifaa hivi yalianza miaka ya 1960. Damu ikigusa plastiki, protini zake hung'ang'ania pale, chembe sahani, zile za kugandisha damu, huamka, na mwili mzima huingia kwenye purukushani. Mpako huipunguza. Hauimalizi. Ni kama shambani: ukipulizia salfa umeukinga mkorosho na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Mbu wa mikorosho, mdudu mharibifu, bado yupo.

Halafu kuna damu inayofyonzwa kifuani. Hiyo inarudi mashineni ikiwa imeshagusa hewa na nyama iliyokatwa, mpako utaisaidia nini? Ndiyo maana baada ya heparini tunachukua damu kidogo, tunaiweka kwenye kifaa kinachohesabu sekunde mpaka igande. Kwa kawaida ni sekunde mia moja na ushee. Hospitali nyingi haziwashi mashine mpaka ivuke 480, na kipimo kinarudiwa kazi ikiendelea. Tukimaliza, protamini inaizima heparini. Donge la damu likiziba mapafu bandia ya mashine katikati ya upasuaji, huyo muuza dawa hayupo.

Tena maneno yake ndiyo yanayoua watu wakisharudi nyumbani. Vali ya chuma nayo ina kaboni maalumu inayopatana na damu, lakini aliyewekewa hunywa warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupima INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda. Mtu anaambiwa "vali yako ya kisasa, hiyo sumu ya nini?", anaacha vidonge, anashika chupa ya maji isiyo na lebo eti ni dawa ya kusafisha damu. Tunampokea kapooza upande mmoja, au vali imekwama kwa donge.

Mkifika Dar, mwambieni daktari kila alichokunywa mtoto, na mizizi pia, hata kama aliyewapa aliwaapisha msiseme.