Mwanangu hajaketi

Swali: Mwanangu ana miaka mitatu na haketi bila kuegemezwa na mito. Majirani wa hapa Shela wanasema nisubiri. Nianzie wapi? — Mama, Lamu

Jibu: Usisubiri, dada yangu, watoto wengi huketi wenyewe kabla ya kutimiza miezi 9. Nenda hospitali ya kaunti na kile kijitabu chake cha kliniki, daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wamtazame, kwani ripoti ya tathmini ndiyo itakayomwezesha kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nyumbani, unapomlisha, mpakate wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Uji anaonyweshwa mtoto aliyelala chali (kosa nililoliona mara nyingi) huweza kumwingia mapafuni.