Stoo hiyo inanuka nini?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mhariri amekurudishia hadithi na kuandika pembeni "stoo haionekani", ilhali umeieleza ukurasa mzima. Nimeisoma. Maelezo si haba. Ila tazama sentensi hii: "Stoo ilikuwa ya zamani, yenye giza na harufu mbaya ya kutisha." Umetoa hukumu, ushahidi umebaki nao mwenyewe. Mbaya vipi? Ni panya aliyeoza, mafuta ya taa yaliyomwagika, au magunia yaliyolowa yakaota ukungu? Kila harufu hapo ina stoo yake.

Kabla hujachagua, jiulize nani yumo humo na anatafuta nini. Mwizi wako ametoka juani akajibanza gizani. Macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza barabara, sasa amesomaje lebo za makopo mara tu alipoingia? Mwache atumie viganja na masikio:

"Alipapasa ubao wa rafu, vidole vikagota kwenye chuma cha baridi. Nje, funguo zikagongana. Akabana pumzi. Kopo likamponyoka, likaanguka tifu."

Hiyo "tifu" imeshatuambia chini ni mchanga au vumbi, wala sakafu haikutajwa. Lingeanguka chubwi, tungejua pana maji. Tapwi, pana tope. Tanakali moja, yaani neno linaloiga sauti, ikikaa mahali pake inabeba sentensi nzima. Zikiwa nne katika aya moja, msomaji anaanza kucheka pale ulipotaka aogope. Na chuma kina sababu ya kuwa cha baridi: humo ndani kina jotoridi sawa na ubao, lakini hunyonya joto la mkono upesi zaidi. Kwa hiyo ule "ubao wa baridi kama barafu" wa ukurasa wa pili, ufute.

Mtunza stoo ni mtu mwingine kabisa. Yeye hasikii harufu ile; pua ikikaa na harufu kwa muda huacha kuitambua. Akiingia anaona kopo moja limegeuzwa mgongo. Ukimpa harufu ya ukungu, labda awe ametoka likizo ndefu.

Kiswahili chetu nacho kina mtego. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Nimehesabu "alisikia" mara 11 katika kurasa tatu zako. Nyingi ziondoe tu: badala ya "alisikia mlango ukilia", andika "mlango ulilia". Ukihitaji kitenzi cha harufu, vipo: nuka, nukia, vunda, hanikiza. Nuka na nukia usivichanganye, maana herufi moja inageuza uvundo kuwa uturi.

Jambo jingine: kwenye aya nyingine mvua yako inapiga bati, halafu wezi wawili wananong'onezana toka pembe hadi pembe. Haiwezekani. Ama wasogeleane mpaka midomo iguse masikio, ama wapige kelele, na hapo ndipo watakapokamatwa. Mandhari ikishatajwa lazima iwasumbue wahusika.

Ladha usiilazimishe. Vumbi likikwama kooni, sawa. Lakini kupitisha milango mitano ya fahamu kama mwalimu anayeita mahudhurio kunachosha; mambo mawili matatu kwa aya yanatosha, na moja lisiwe la macho.

Kabla ya kuandika upya, kaa dakika 10 ndani ya stoo yoyote. Dakika 3 za mwanzo fumba macho. Andika nomino na vitenzi tu, bila kivumishi hata kimoja. Kisha kata yale ambayo mtu yeyote angeyakisia bila kuingia humo, kama giza, vumbi na buibui. Yatakayobaki yagawe katikati ya matendo, usiyarundike mlangoni.

Anza na ile aya ya mvua, kisha niletee.

Mama yako