Ukipewa ripoti ya daktari wa akili, mgeuze mshtakiwa jinsia

Nimesoma ripoti nyingi za madaktari wa akili zinazoletwa mahakamani, na sasa nina mazoea: nikimaliza, narudi mwanzo na kumgeuza mshtakiwa. Mwanamke namfanya mwanamume, mwanamume namfanya mwanamke. Halafu naangalia ni sentensi zipi zinageuka kichekesho.

Hazikosekani. Mwanamke aliyemchoma mumewe kisu aliandikiwa aya nzima kuhusu mavazi yake, kama alilia au la, na anavyolea watoto. Mwandikie hayo mwanamume aliyejeruhi mtu kwenye ugomvi uone! Yeye huulizwa pombe, hasira na makosa ya nyuma. Kama ana watoto, ripoti haina habari nao.

Mwaka 1989 watafiti Ford na Widiger waliwapa wanasaikolojia 354 wa Marekani visa vya wagonjwa, jinsia ikibadilishwa. Walioombwa kutaja ugonjwa waliyumba: mwanamke alielekezwa zaidi kwenye ugonjwa wa haiba ya kujionyesha, na ule wa kuvunja sheria bila majuto hawakumpa kirahisi. Lakini walioombwa kupima dalili moja moja hawakuonyesha upendeleo huo.

Hapo ndipo pa kukazia, wakili. Kwenye maswali ya dodoso, yaani unapomhoji shahidi wa upande wa pili, usimuulize daktari kama anabagua. Atakataa, tena kwa dhati. Mwambie ataje kila kigezo cha ugonjwa na tukio linalokithibitisha. Kigezo kisicho na tukio, kishikilie hapo hapo. Muulize pia kipimo alichotumia kilitengenezwa kwa kuwapima akina nani. Orodha ya mwanasaikolojia Hare ya kupima usaikopathi, yaani hali ya mtu asiye na huruma wala majuto, kwa mfano, ilijengwa juu ya wafungwa wanaume wa Kanada.

Wanaume nao wanaumia, jambo tunalolisahau upesi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1938 humpunguzia kosa mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugika kwa uzazi au kunyonyesha. Baba hamo. Sisemi mama anyang'anywe kinga hiyo. Ila baba aliyezama kwenye sonona mara nyingi huandikwa "mkali" na ukurasa unafungwa. Ukimtetea mtu wa namna hiyo, omba apimwe upya, na daktari aanze kwa kumuuliza analalaje, anakula nini, na kama amewahi kutaka kujiua.