Mninga unaungua: nibadilishe msumeno?

SWALI: Nina msumeno wa umeme wa mkono, wati 1,400, diski ya milimita 185 yenye meno 60. Nikipasua mninga wa inchi 2 unatoa moshi na kingo zinabaki nyeusi. Ninunue wenye nguvu zaidi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue bado. Diski ya meno 60 ni ya kukatiza mbao na kukata plaiwudi. Ukipasua kwa urefu, nafasi kati ya meno ni ndogo, unga unajaa, diski inasugua badala ya kukata, ndipo moshi unapotoka. Weka ya meno 24. Kabla ya kulipa, pima tundu la katikati, na hakikisha mizunguko iliyoandikwa kwenye diski haipungui ile ya mashine.

Chomoa plagi, kisha ushushe diski mpaka meno yachungulie chini ya ubao kama milimita 6 tu. Mninga ukianza kubana nyuma ya diski, zima mashine, isubiri isimame kabisa, ndipo upachike kabari kwenye mpasuo. Ubao ukibana diski inayozunguka, msumeno unakurukia, na hili ndilo linalotutia hofu kuliko moshi.

Angalia na waya wa ekstensheni: kwa mita 20, tumia wa milimita za mraba 2.5, uliokunjuliwa wote. Mwembamba hula umeme njiani na mota huchemka.

Fedha iliyobaki nunua barakoa nzuri. Vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua.