Nimesoma fizikia, chama cha wahandisi kinanihusu nini? Jibu langu kwa mdogo wangu wa Mbeya

Mdogo wangu uliyeuliza hapo juu, nimekuelewa. Umemaliza digrii ya fizikia mwaka juzi, uko Mbeya kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kazini mna vipimo vya jua na upepo huko maeneo ya Uyole, mwenzako kakushauri ujiunge na chama cha wahandisi, na we unajiuliza ada ya nini wakati sio injinia na kila kitu kinafanyika Dar. Nakujibu kwa urefu maana mi nlishakaa hapo hapo ulipo, na mi ni mtu wa fizikia.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi wanavichanganya. Bodi ni kitu kimoja na chama ni kitu kingine. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ile ERB, ipo kwa sheria ya mwaka 1997, ndo inasajili mainjinia na kuwasimamia, na kwa digrii ya fizikia peke yake hutasajiliwa kule, usihangaike, na mtu akikuandika Eng. kwenye barua ya kazi mwambie afute kabla haijatoka. Chama ni watu wa fani wamejikusanya kwa hiari yao, wanakutana, wanakaguana kazi, wanafundishana. Kuna IET ambayo ni ya wahandisi wetu wa Tanzania, halafu kuna vya kimataifa. Mi niko IEEE, yaani taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, hiki kilizaliwa 1963 huko Marekani vyama viwili vilipoungana, kimoja cha watu wa umeme cha tangu 1884 na kingine cha watu wa redio cha 1912. Ukisikia jina utadhani ni cha mafundi umeme tu lakini mlango wake ni mpana, mtu wa fizikia, hesabu au kompyuta anaingia kama mwanachama kamili, na ndani yake kuna vyama vidogo 39 vya fani mbalimbali, kimojawapo ni cha wanaosoma dunia kwa setilaiti, na huko ndo nlikoingia mimi.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, maana mwaka wangu wa kwanza sikufaidi chochote. Nililipa ada, nikapata namba ya uanachama, nikaiweka kwenye CV, basi. Nikakaa nasubiri nitafutwe. Barua pepe zinaingia nyingi mpaka nikaacha kuzifungua, mwaka ukaisha, na chama hakikuwa na kosa lolote hapo, mi ndo sikuwa nimepeleka kitu.

Wakati huo nlikuwa nimeajiriwa na mradi mmoja mdogo wa umeme wa maji huku nyanda za juu, jina lake liache. Kazi yangu ilikuwa kupima mto. Yaani unanyoosha kamba toka ukingo mpaka ukingo, unaugawa mto vipande vipande, kila kipande unapima kina na kasi ya maji, na kama kina ni kidogo kasi unaipima kwenye 0.6 ya kina kuhesabu toka juu, halafu unazidisha na kujumlisha unapata maji yanayopita kwa sekunde. Nlikuwa naipenda ile kazi na nlijiona naiweza kabisa.

Hapa Mbeya mjini kulikuwa na kikundi cha wahandisi wanakutana Jumamosi moja kila mwezi, ukumbi mdogo tu maeneo ya Forest, watu kumi na tano, siku nyingine nane. Mwenzangu kazini akanambia twende. Nikaenda mara mbili nimekaa nyuma kimya, ya tatu msemaji akapata dharura wakauliza nani ana kitu cha kuonyesha, nikasema mi nina mto wangu. Nikaweka grafu zangu ukutani. Maji kyubiki mita 2 kwa sekunde, maporomoko mita 40, ukizidisha na 9.81 ya mvutano wa dunia na ukachukua ufanisi wa mtambo robo tatu unapata kama kilowati 588. Nikasimama nasubiri makofi jamani.

Mzee mmoja injinia mstaafu, katulia zake kwenye kiti, akauliza, "Kijana wangu, hiyo 2 uliipima mwezi gani?"

Nikamwambia Aprili.

Akasema, "Na Oktoba?"

Sikuwa na ya Oktoba. Na wewe ni mtu wa huku unajua mvua zetu, tuna msimu mmoja tu, zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili au Mei, Aprili mto umejaa na Oktoba kunakuwa na mawe tu. Yule mzee hakunidhalilisha hata kidogo, alichukua chaki akanionyesha ubaoni, kama Oktoba maji ni nusu kyubiki mita basi mtambo wako unatoa kilowati 147, na kijiji kinahitaji taa mwaka mzima na sio Aprili peke yake. Halafu akaniuliza swali la pili ambalo hadi leo nalitembea nalo, namba zako zinaweza kuwa zimekosea kwa kiasi gani, kwa juu na kwa chini? Mafuriko yakihamisha mchanga chini ya mto, ule uhusiano wa kina cha mto na kiasi cha maji yanayopita si unabadilika? Umeurudia lini?

Chuoni nlifundishwa makosa ya vipimo, mtihani nlifaulu vizuri tu. Lakini hakuna aliyewahi kunambia kuna mtu mahali fulani ataichukua ile namba yangu akanunulie mtambo kwa pesa ya mkopo. Mwanasayansi anapima ili ajue, injinia anachukua kile kipimo anajenga, na kikiwa kibovu kitu kinasimama pale miaka thelathini kikiwa kibovu vilevile. Hiki ndo kitu pekee nachotaka uondoke nacho kwenye huu uzi, nenda kwenye chama uwaone wale watakaotumia namba zako, wakuulize maswali ukiwa bado una muda wa kurudi mtoni. Mi nilirudi. Nikapima mwaka mzima, Oktoba ikaja ndogo kweli, mradi ukapunguza ukubwa wa mtambo kabla haujaagizwa.

Baada ya hapo ndo nikaanza kukitumia kile cha kimataifa kwa akili. Mzee aliniuliza una data za mvua za miaka mingapi, nikawa na za miaka miwili tu, ndo nikatafuta za setilaiti ambazo zinarudi nyuma mpaka 1981, na namna ya kuzilinganisha na kipimo cha mvua cha ardhini nilijifunza kwenye semina za mtandaoni za kile chama, saa nyingine usiku wa manane na bando linakata katikati. Safari hii nilipoandika swali nilijibiwa, maana nlikuwa na swali lenyewe, na mvua yangu ya Njombe mkononi.

Kuhusu ada, mwaka wao unaanza Januari unaisha Desemba, kuna kipindi katikati ya mwaka ukijiunga unalipa nusu, na nchi zenye kipato kidogo kama yetu kuna utaratibu wa bei ya chini, angalia hizo kabla hujalipa kamili. Na tangu umalize digrii ya kwanza una miaka 15 ya kuhesabiwa kwenye kundi la vijana wao bila kulipia zaidi. Ila nakuambia ukweli kama hela ni ya mawazo anza na vikao vya mjini ambavyo gharama yake ni nauli ya daladala, ada itakuja baadaye.

Kazi ya kujitolea utapewa, na ukipewa chukua. Mi nlipewa ya kuandika kumbukumbu za kikao na kuhakikisha projekta ipo, umeme ukikatika nani ana jenereta. Wapo vijana wanaona kazi za namna hiyo ni za kitumwa. Sasa ona, anayeandika kumbukumbu ndo lazima apige simu kwa kila aliyezungumza kuuliza ulimaanisha nini hapa, na injinia mzima mwenye miaka thelathini kazini anakueleza taratibu nusu saa, wewe peke yako. Nimejifunza kwa njia hiyo jinsi bomba la maji linavyopasuka mtu akifunga valvu haraka, kitu ambacho fizikia yake nlikuwa naijua na sikuwahi kukihusisha na bomba. Ugumu niliopata ni Kiingereza, vikao vya kimataifa nilikuwa naelewa kila kitu lakini kuongea ulimi unakwama, nikawa naandika swali langu kwanza kwenye daftari halafu nasoma. Inasaidia sana, fanya hivyo.

Hili la kusema kila kitu kiko Dar mi silikubali kabisa. Vikao vikubwa ndio, viko huko. Ila hebu angalia ramani, maji ya Usangu ndo yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda kwenye mtambo wa umeme wa Mtera wa megawati 80 na yakitoka hapo yanakwenda ule wa Kidatu wa 204, na ule mto tangu miaka ya 90 unakatika kabisa kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha. Umeme wa maji wa Kihansi nao megawati 180. Joto la ardhini la kuzalisha umeme wanalitafuta pale Ngozi. Reli ya TAZARA inapita hapa na milima yake yote. Injinia wa Dar akitaka kujua mlima wetu una nini ni lazima amuulize mtu aliyekaa huku akapima, na huyo mtu anaweza kuwa wewe.

Hizo data zako za jua nazo zina Oktoba yake. Sisi jua letu ni kali Julai hata kama baridi inauma, mawingu yanatanda Januari na Februari, na wanaofunga sola kijijini ambako hakuna gridi wanataka kujua mwezi mbaya kuliko wote, wastani wa mwaka hauwasaidii kuchagua betri. Je, una Januari kamili bila siku zilizoruka? Kile kioo cha kipimo mnakifuta vumbi kila baada ya siku ngapi, na nani anaandika tarehe?

Bado tunakutana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa nne asubuhi. Njoo na data zako za Desemba mpaka Machi zilivyo, hata kama zina mapengo, usizipambe. Niandikie inboksi nikuelekeze ukumbi maana nje hauna kibao, na yule mzee bado anakuja, anakaa kiti cha mbele kushoto.