Rangi ya rimu haianzi kubanduka katikati

Mara ya kwanza rangi ya rimu za gari nilipiga mwenyewe, na nasema tu ukweli hata kama ni aibu. Nilinunua rimu nne za spoti za alumini inchi 15 za Toyota IST yangu, used kutoka Japani, za nati nne, silva yake imechoka choka lakini rimu zenyewe nzima. Nikazileta nyumbani Nyakato, hapa Mwanza, nikachukua makopo matatu ya sprei nyeusi dukani, nikaziosha kwa sabuni ya unga, nikazianika juani kama dagaa, nikapuliza. Jioni zinawaka, jirani kaja kuuliza nimezitoa wapi, nikajiona fundi. Wiki ya tatu rimu za mbele zikaanza kumenyeka kama magamba ya sato.

Cha ajabu za nyuma zilikuwa bado safi. Rangi ile ile, siku ile ile, mkono ule ule. Nikalaumu kopo, nikasema moja litakuwa feki. Kumbe hapana. IST yangu mbele ina diski na nyuma ina dramu, na gari likifunga breki kazi kubwa inafanywa na mbele, kwahiyo kule mbele rimu inapata joto la diski na ule unga mweusi wa brekipedi ambao ndani yake kuna chembe za chuma za moto, zinatua kwenye rangi laini zinajichimbia humo humo, baadaye zinapata unyevu zinashika kutu. Dramu imefunikwa, unga wake mwingi unabaki humo ndani. Sasa fikiria mtu anayeshuka mlima wa Bugando au Isamilo kila siku mguu uko kwenye breki, hiyo rangi ya kopo itapona wapi? Na rangi nyingi za kopo zinakauka kwa thina kuruka hewani tu, hazina hadena, ile dawa ya kuchanganya inayogandisha rangi, ndo maana ukiipangusa na kitambaa chenye petroli au thina inatoka. Hicho kipimo kiwekeni kichwani maana nitakirudia.

Mara ya pili nikampa fundi. Jina la gereji silitaji, wala sio mtu mbaya, alifanya kama alivyofundishwa. Akazikwangua mpaka alumini ikawa nyeupe inang'aa kama sufuria mpya, akazilaza usiku kucha, kesho yake akapiga silva juu kwa juu halafu klia, ile ya juu isiyo na rangi inayong'arisha na kulinda. Zilikaa miezi mitano hivi, vuli ilipokolea nikaona malengelenge madogo, halafu chini ya klia vikatokea vistari vyeupe vinatambaa kama njia za mchwa. Ukibonyeza kwa ukucha klia inainuka kipande kizima, na chini yake alumini kavu haina hata alama ya rangi.

Hapo ndo nikaanza kuuliza watu wanaojua. Alumini ukiikwangua, ndani ya muda mfupi sana inajitengenezea ngozi yake nyembamba, oksaidi, ngozi hiyo inailinda isiliwe lakini rangi ya kawaida haiipendi, inakaa juu juu tu. Ndo maana lazima iwepo praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya kushika alumini, iwe ile yenye asidi kidogo inayong'ata chuma au epoksi ya kuchanganya, na ipigwe siku hiyo hiyo uliyosugua, sio unasugua Jumamosi unapiga Jumatatu huku mikono ya watu imeshashika shika. Uchague moja, usizirundike zote mbili bila kusoma kopo linasemaje, maana epoksi nyingi hazipatani na ile ya asidi chini yake.

Kabla sijaendelea nimalize hili la ziwa maana kila nikiongelea rimu lazima mtu aniambie "hayo ni maji ya ziwa kaka, unavuka sana Kamanga." Jamani Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi. Kinachokula rimu za watu wa Dar ni chumvi ya bahari, bamdogo wangu anakaa Kigamboni rimu zake zimechimbika kama biskuti iliyoliwa na panya. Huku kwetu kupanda kivuko sio kesi. Kesi ya Mwanza ni mawe. Zile barabara za mawe za kupandia milimani, changarawe ya huko pembeni ambako lami haijafika, halafu jua, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na ikweta ipo hapo karibu, jua la hivyo linapausha rangi isiyo na klia nzuri mpaka inakuwa kama imepakwa chaki.

Basi, turudi. Baada ya kuharibu mara mbili nikakaa chini nikazigeuza zote nne nikaangalia rangi ilianzia wapi kutoka. Hapa ndo nilipojifunza kuliko mahali pengine pote. Hakuna hata moja iliyoanza kubanduka katikati ya spoki. Zote zilianzia ukingoni: kwenye mdomo unaokutana na tairi, kwenye tundu za nati, pale vinapogongewa vyuma vya balansi, na palipodonolewa na jiwe. Yaani kila mahali ambapo rangi ilivunjika maji yakaingia kwa pembeni, yakatembea chini. Kwahiyo swali la "rangi gani inadumu" mi nimeacha kuliuliza hivyo, nauliza kingo zimetengenezwaje na nani atazigusa.

Mara ya tatu, hii niliyonayo sasa, inakwenda mwaka wa tatu. Tairi zilitolewa zote kwenye rimu, hiyo ndo hatua ya kwanza na ndo watu wengi wanaikwepa wanazungushia gazeti na selotepu. Ukiacha tairi pale, rangi inaishia kwenye mpira, siku tairi inatolewa inachanika nayo. Halafu kufuta grisi kabla ya msasa, sio baada tu. Ukianza msasa na mafuta yako pale unayasugulia ndani. Na ile dawa ya kung'arisha tairi ina silikoni, ikibaki hata kidogo rangi inakimbia inaacha vishimo kama macho ya dagaa, nimeona kwa macho yangu rimu moja tukairudia mara mbili kwa sababu ya hilo. Msasa tulianza na mkali kidogo pale palipoliwa mpaka ile michirizi nyeupe ikaisha kabisa, maana ukiiacha inaendelea kutembea chini ya rangi mpya, kisha tukalainisha na msasa namba 320. Epoksi jioni ile ile. Kesho yake rangi, nyepesi nyepesi, unapiga unasubiri dakika kumi na kitu unarudia, halafu klia ya hadena tabaka mbili.

Hiyo hadena nawaomba msiichukulie poa. Ina kemikali inaitwa isosayaneti, inaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Fundi wangu mzee mmoja wa Igoma ana barakoa yenye vichujio vya mkaa na anafanyia nje kwenye upepo, vijana wake anawafukuza mbali, akikohoa anakuambia "hii nimeivuta ujana wangu wote bila kujua". Ukiona fundi anapuliza klia kafunga leso puani, wewe usisimame karibu.

Sasa kosa ambalo lingeniua. Ile mara ya pili fundi alipiga rangi mpaka ndani ya tundu za nati na ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa. Inapendeza, eti. Nimefunga rimu nimekaza vizuri, nikaanza safari ya Bunda, nafika mbele ya Kisesa usukani unatetemeka, nikadhani balansi. Nikasimama, nati mbili za mbele kulia nazungusha kwa vidole! Rangi nene chini ya nati inabonyea inasagika, ikisagika nafasi inabaki na nati inalegea. Kwahiyo zile sehemu mbili, kikalio cha nati na uso wa habu, ziachwe bila rangi au zikizidi sana ziwe na ukungu wa praima tu, fundi azizibe wakati wa kupuliza. Na baada ya kufunga rimu yoyote rudia kukaza ukishatembea kilomita 50 mpaka 100. Toyota ndogo nyingi nati zake hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 103, sio kuruka juu ya spana kwa miguu miwili kama wanavyofanya wale vijana wa barabarani.

Wale vijana wenyewe nawapenda lakini ndo wauaji nambari moja wa rangi. Klia ya hadena inakauka kuishika baada ya masaa lakini kukomaa kabisa inataka kama wiki. Mi ile mara ya pili nilitoka gerejini nikaenda moja kwa moja kufungisha tairi, jamaa kaingiza mtaimbo kwenye mdomo wa rimu, kraa, nikasikia mpaka kwenye meno. Siku hizi nasubiri wiki nzima, gari linatembelea rimu za zamani za chuma, na nikienda nabeba vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuweka katikati ya mtaimbo na rimu. Wananicheka. Kama kuna mashine, muulize kama kichwa chake kina plastiki. Balansi nasema weka vya gundi kwa ndani, visigongwe ukingoni, ila navyo ukivibandua kwa pupa vinaondoka na rangi, vipashe joto kidogo kwanza.

Kuosha je? Usiruhusu ile dawa ya rimu ya chupa isiyo na jina, nyingi ni asidi, inang'arisha leo kwa kuila klia. Wala stiliwaya. Sabuni ya kawaida, sponji yako mwenyewe sio ile waliyofutia matope chini ya lori, na uache rimu ipoe kwanza. Mi naosha za mbele kila wiki hata kama gari lenyewe siliogeshi, ule unga wa breki ukikaa mwezi hautoki tena.

Wengi mnaniuliza kuhusu paudakoti, ile rangi ya unga inayorushwa kwa umeme halafu inaokwa kama kwenye madirisha ya alumini. Ni ngumu kweli, ni nene kuliko rangi ya majimaji ya kupuliza, kwenye mawe inavumilia vizuri zaidi. Ningekuwa na rimu mpya ningefanya hiyo. Ila inaokwa kwenye nyuzi joto 180 mpaka 200 hivi, na rimu za alumini zimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto, ukizidisha moto au ukiuachia muda mrefu unazilegeza. Anayeoka mageti hana haraka ya kuangalia kipimo. Na yule anayechoma rangi ya zamani kwa mtungi wa gesi ili itoke haraka, chukua rimu zako uondoke. Tena paudakoti ikishapasuka ukingoni maji yanaingia chini yake vile vile, na kuirekebisha kipande huwezi.

Ukienda kununua zilizokwisha pigwa rangi, mi kinachonitisha ni rangi mpya inayong'aa sana. Rangi inaficha ufa, inaficha palipochomelewa. Geuza nyuma, ndani kule ambako wavivu hawapulizi, pitisha kidole kuzunguka, tafuta mshono, tafuta alama za JWL, ile alama ya kiwango cha ubora ambayo rimu za Japani huwa nayo. Kisha kile kipimo cha kitambaa na thina, sehemu ya kificho. Ikitoka nyeusi kitambaani, toa pesa ya kupiga upya kwenye bei, na uwe umekubali kwamba utaanza na msasa.

Yangu ya mbele kushoto ina donoo moja la jiwe, nimelipata Mabatini mwezi jana, dogo kama punje ya mchele. Siku ile ile nimelifuta na spiriti, nikasugua kingo zake kwa kipande cha msasa, nikadondoshea praima na rangi kwa kijiti cha kiberiti, kesho yake klia. Linaonekana ukiinama, ukisimama hulioni.