Barua kwa mwanangu: zimamoto kwanza au paramediki kwanza?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma kituoni saa tano usiku, nimekaa nyuma ya ambulensi nahesabu dawa za sanduku. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kazi yangu hasa ni ipi, kuzima moto au kutibu watu, na wewe ukiitaka, uanzie wapi, zimamoto au paramediki, yule mtaalamu wa kutibu wagonjwa kwenye ambulensi. Sikutaka kukujibu kwa simu ya harakaharaka. Leo nimetoka zamu, nimelala nimeamka, chai iko mezani, nakuandikia kwa nafasi.

Kazi yangu ni zote mbili, mara nyingine kwenye mlango mmoja. Usiku fulani wa mwezi wa pili tuliitwa saa nane kwa mzee anayeishi peke yake. Binti yake, ambaye yuko jimbo jingine, amempigia simu jioni nzima hapokei. Tunafika, taa zinawaka, televisheni inaongea, mlango umefungwa kwa ndani, na ukichungulia dirishani unaona miguu sakafuni. Mlango tuliufungua kwa mtaimbo na shoka. Unapachika ncha ya mtaimbo kwenye upenyo karibu na kitasa, mwenzako anapiga kwa kisogo cha shoka, wewe unasukuma kwa uzito wako wote. Huo ni uzimamoto. Punde nimepiga magoti kwenye zulia lake. Ana jasho kama aliyemwagiwa maji, anakoroma, ukimgusa anatukana. Kijana mpya niliyekuwa naye akasema huyu amelewa. Nikamchoma kidole, kipimo cha sukari ya damu kikasoma 28. Hivyo ni vipimo vya Marekani. Nyumbani Tanzania ingesomeka 1.6, na sisi ikishuka chini ya 3.9 tu tunaanza kuhangaika. Mshipa wa kwanza ulinipasukia, plasta haishiki kwa jasho, wa pili nikaupata, nikafungua dripu ya sukari. Baada ya dakika chache akafumbua macho, akanitazama, akauliza ni nani amevunja mlango wake.

Kijana wetu aliupigilia mbao kabla hatujaondoka. Nami nilibaki kumtengenezea mzee mkate na siagi ya karanga, kwa sababu sukari ya dripu haikai, bila chakula angerudi palepale sakafuni.

Sasa ujue kwamba miito ya namna hii ndiyo mingi. Katika idara za zimamoto za Marekani kwa jumla, zaidi ya nusu ya miito ni ya wagonjwa: kifua, pumzi, kisukari, walioanguka bafuni, ajali za barabarani, waliozidisha dawa za kulevya. Moto wa nyumba upo, na ukija unakuja na kila kitu chake, lakini zamu nyingi hupita sijauona. Rafiki zako wanaouliza kwa nini gari jekundu linakuja wakati bibi ameanguka, waambie ni kwa sababu vituo vya zimamoto vilikuwa tayari vimeshatawanywa mjini kote, vina watu usiku na mchana, na moyo uliosimama haungoji.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Hadi miaka ya 1960 sehemu nyingi za nchi hii mgonjwa alibebwa na polisi, au na gari la kampuni ya mazishi, amelazwa nyuma bila mtu wa kumshughulikia. Mwaka 1967 huko Pittsburgh ilianza Freedom House: vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao hawakuwa na ajira, walifundishwa na daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa CPR, yaani kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama, wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza kabisa nchini. Huduma yao ilifungwa mwaka 1975 jiji lilipoanzisha ya kwake. Seattle nako, mwaka 1970, daktari Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery waliwafundisha wazima moto wenyewe. Nakueleza haya kwa sababu siku moja mtu atakutazama, binti mweusi mwenye lafudhi ya mama yake, akuulize umefikaje kwenye kazi hii. Kazi hii watu kama wewe wameifanya tangu siku ya kwanza.

Swali lako la pili nalijibu bila kuzunguka: anza na mgonjwa. Soma EMT kwanza, ngazi ya mwanzo ya wahudumu wa ambulensi, chini ya paramediki. Ni kama saa 150 hadi 200 za masomo, muhula mmoja wa chuo. Utajifunza kuzuia damu, kufunga aliyevunjika, kumpa mtu oksijeni, kukandamiza kifua, kutumia mashine ya kushtua moyo, kumpulizia naloksoni aliyezidisha dawa. Mwisho unafanya kwenye kompyuta mtihani wa National Registry, shirika la kitaifa linalowapima wahudumu wa dharura, ndipo jimbo likupe cheti. Kisha fanya kazi kwenye ambulensi mwaka mzima, hata kama mshahara ni mdogo, na ni mdogo kweli. Mwaka huo ndio utakaokuambia kama unaweza kuishi na harufu, matusi, usingizi wa vipande na shukrani usizozipata.

Ukiona bado unaitaka, nenda paramediki. Huko ni saa elfu moja na zaidi, mwaka mmoja hadi miwili, na chuo lazima kiwe kimeidhinishwa, la sivyo National Registry haikupi mtihani. Unakaa darasani, halafu unapelekwa hospitali: chumba cha dharura, leba, wodi ya watoto, chumba cha upasuaji ambako daktari wa usingizi anakusimamia upitishe mrija kwenye koromeo la mtu hai. Mwisho unapanda ambulensi na mwalimu anayenyamaza kwa makusudi, ili uamue wewe. Paramediki anasoma mchoro wa moyo na kujua ni mshipa upi umeziba, anachoma sindano ndani ya mfupa mshipa ukikosekana, anatoa dawa za kurudisha mapigo kwenye mstari. Anafanya hayo chini ya mwongozo wa daktari msimamizi ambaye hayupo pale. Ukikosea dozi ya mtoto, hayupo wa kukudaka. Ndiyo maana tunabeba utepe wa Broselow, wa rangirangi: unaulaza kando ya mtoto, urefu wake unakuonyesha rangi, rangi inakupa uzito wa makadirio na dozi. Hesabu za kichwani saa tisa usiku, mama mtu analia pembeni, usiziamini.

Hapa Texas kuna jambo la kukufaa. Paramediki mwenye digrii, hata ya fani nyingine, anaweza kuomba leseni badala ya cheti cha kawaida. Kazi ni ileile, lakini digrii yako ya baiolojia haitakuwa imekwenda bure.

Zimamoto ije mwisho. Idara nyingi zinataka umri wa miaka 18, cheti cha sekondari, leseni ya udereva, rekodi safi polisi, uchunguzi wa afya, mtihani wa maandishi na usaili. Miji ya Texas inayoajiri kwa sheria ya jimbo ya utumishi wa umma (civil service) haimpokei anayeanza akiwa amefikisha miaka 36. Mimi niliingia nikiwa na 33, pumzi ikinikata. Ukichukuliwa unapelekwa chuo cha zimamoto miezi kadhaa: mpira wa maji, ngazi, kutafuta watu ndani ya moshi kwa kutambaa, kukata magari, kemikali hatari. Na usidhani kila mji unaunganisha kazi hizi. New York wahudumu wa ambulensi na wazima moto wako idara moja, lakini ni kazi mbili mbalimbali.

Mtihani wa mwili usiudharau. Unaitwa CPAT, vituo vinane kwa dakika 10 na sekunde 20, huku umevaa fulana ya uzito wa kilo 23 hivi. Kituo cha kwanza ndicho kinachoondoa watu: unaongezewa kilo 11 mabegani, unapanda ngazi za mashine dakika tatu, hatua 60 kila dakika, bila kushika popote. Baada ya hapo unavuta mpira, unabeba mashine, unasimamisha ngazi, unapiga nyundo, unatambaa gizani, unaburuta mwanasesere wa kilo 75, unatoboa dari. Mara ya kwanza nilishindwa kwenye mwanasesere. Nilikuwa namvuta kwa mikono. Mzee mmoja wa kituoni akanionyesha: kaa chini kama unataka kuketi, mgongo wima, tembea kinyumenyume kwa mapaja. Mapaja ninayo, si unajua, nimeyarithi kwa bibi yako wa Tanga. Mara ya pili nikapita.

Lakini mwanangu, kuna kitu kinaniuma, na ndicho kilichonifanya nikuandikie barua badala ya kukutumia orodha. Siku hizi idara nyingi zinapendelea kuajiri wenye cheti cha paramediki, na nyingine huwalipa zaidi. Basi vijana wanakisoma kama tiketi ya kupandia gari jekundu. Wakishaingia wanahesabu siku za kutoka ambulensi. Nimefanya kazi na watu hao. Wanamwita mgonjwa "huyu tena". Hawapigi magoti, wanasimama juu yake na kuuliza maswali. Mgonjwa analijua hilo mapema kuliko sisi, na akilijua hakuambii kwamba kifua kilianza kumbana tangu jana. Ukitaka moto peke yake, zipo idara zitakazokuchukua na EMT tu, nenda huko kwa heshima yako. Usimsomee mgonjwa usiyemtaka.

Sasa nikupe lile ambalo halimo kwenye mtihani wowote. Kuna familia ya Wakongo tuliitwa kwao, jina na mtaa sitakutajia. Mume alikuwa ameanguka sebuleni. Tulimkandamiza kifua zaidi ya nusu saa, mara 100 hadi 120 kwa dakika, tukibadilishana kila dakika mbili. Mimi nimesimama miguuni pake na saa, natoa amri, adrenalini kila baada ya dakika tatu hadi tano. Mstari kwenye mashine haukuinuka. Nikampigia daktari, tukakubaliana tuache. Nikazima mashine, nikamgeukia mkewe.

Darasani hufundishwa tukitaje kifo kwa jina lake. Mtu aliyeshtuka akiambiwa "tumempoteza" anaweza kuanza kuuliza amepotelea wapi. Kwa Kiingereza nimelisema neno hilo mara nyingi. Lakini mimi mtu wa Tanga, nimelelewa kusema binadamu amefariki, ametangulia. "Amekufa" kwetu ni neno la kuku. Yule mama alikuwa anaomba kwa Kiswahili cha Bukavu, na kwao neno la kawaida ni hilohilo. Nikavua glovu, nikaketi naye sakafuni, nikamwambia: Mama, mzee amekufa. Pole sana. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu ninayo. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka watoto wake walipofika, na wenzangu hawakuniharakisha.

Utakumbuka nilivyokuwa nakukataza kunikumbatia nikirudi, mpaka nioge. Ulikuwa mdogo, ukadhani nimekasirika. Yalikuwa masizi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la kwanza, la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nguo za moto zifuliwe kituoni, zisiingie kwenye gari lako, na barakoa usiivue hata moto ukishazimika, wakati unafukua majivu. Wakikucheka waache wacheke.

Kabla hujalipa ada yoyote, omba ruhusa ya kupanda ambulensi kama mtazamaji, huko Dallas, si kwangu. Idara nyingi zinaruhusu. Kaa zamu nzima, ukirudi nipigie uniambie ulikuwa unamtazama nani muda mwingi, mgonjwa au mashine. Mimi niko off Jumamosi ya wiki ijayo. Njoo na raba nzuri, twende tukapande ngazi za uwanja wa mpira. Fulana ya uzito ninayo stoo, ile niliyofeli nayo.

Mama yako